Maoni Kumi na Tisa ya Baba

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limepoa na dawa unameza, si kuzificha chini ya mto kama kawaida yako. Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio unaoniuma, na sina mwingine wa kumwambia.

Utakumbuka nilivyojitia kimbelembele kuwafungulia watoto wangu wa darasa la tatu blogu, wazazi waone kazi zao na kuandika maoni. Anwani niliibandika kwenye kila daftari. Jioni niliwakamata wazazi mlangoni mmoja mmoja, simu mkononi, nikiwaonyesha pa kubonyeza, hadi seremala mmoja akanitania kwamba sasa wao ndio wanafunzi na bado viboko tu.

Baba mmoja hakuweza kuja. Alikuwa amelazwa, mapafu yamechoka, na wodi ile watoto hawaruhusiwi. Binti yake hana mama, anakaa kwa shangazi. Basi nikaenda mwenyewe hospitali, nikamfungulia ukurasa kwenye simu yake. Alipoona twiga aliyechorwa na binti yake amevaa viatu, alicheka mpaka akakohoa. Akaahidi kumwandikia kila siku.

Kila asubuhi mtoto aliniomba tuangalie. Maoni ya wazazi wengine yapo, ya baba yake hakuna. Nikamwambia baba anapumzika. Wiki ya tatu akaacha kuuliza, na kuchora pia akaacha.

Baba yake alifariki Jumatatu iliyopita. Baada ya mazishi shangazi aliniomba nimtolee nakala za michoro ile. Ndipo nikafungua sehemu ambayo sikuigusa tena tangu nilipowafundisha wazazi. Mama, maoni ya mtu mpya hayaonekani mpaka mwalimu ayaruhusu. Ya wengine niliyaruhusu palepale mlangoni. Yeye alianza kuandika nikiwa nimeshaondoka. Yalikuwa kumi na tisa, yote yananisubiri mimi. La mwisho lilisema, "Mwanangu, kama umenikasirikia kwa kuugua, una haki. Niandikie hata neno moja."

Sasa nikwambie lile asilolijua hata shangazi wa mtoto. Siku tano kabla hajafa, muuguzi alinipigia simu kwa niaba yake, akauliza kama mtoto anayapata maneno ya baba. Nikadhani dawa zinamchanganya mgonjwa. Kuangalia kungenichukua dakika moja. Badala yake, ili nimtulize, nikajibu, "Mwambie anayasoma yote, kila siku."

Kwa hiyo alikufa akiamini mwanawe anasoma na hataki kumjibu. Nimelia, Mama, na kulia hakujasaidia kitu.

Kesho nitampelekea mtoto maneno ya baba yake, na nitamwambia nililomjibu muuguzi. Niombee. Akitaka kumchukia mtu, anichukie mimi, ila asiendelee kumchukia baba yake.

Wasalimie kaka na wanawe, na jirani anayekuchotea maji.

Ni mimi mwanao,
kitinda mimba wako