Kiti cha Mwalimu Nyokabi

Kianyaga,
Jumapili, baada ya kanisa

Wanjira binti yangu,

Wewe ni mtu wa aina gani? Mtoto amezaliwa, ameota meno, sasa anakaa bila kushikwa, na wewe nyanya yake hujatia mguu hapa. Kwani kutoka Nyeri mpaka Kianyaga ni Ulaya? Haya, nimemaliza kufoka. Magoti yako yanaendeleaje? Yangu yanalia kwa baridi lakini yanatembea. Kusoma sijui, na unajua, kwa hivyo anayeandika ni Wangari wako, mama ya mtoto. Nimemkataza kuongeza na kupunguza.

Ulisema kwa simu ati mwalimu wa kushikilia nafasi si mwalimu, ni mtu wa kukalia kiti cha mwenzake, afadhali Wangari arudi kwako Majengo muuze nguo pamoja. Ngoja nikuambie.

Mwalimu Nyokabi, mwenye darasa, alishikwa na ugonjwa wa moyo akalazwa. Bodi ya shule ikamchukua Wangari amshikilie nafasi. Huku asubuhi ukungu unashuka kutoka mlimani, unafunika majani chai, unaingia darasani kwa dirisha. Wangari anasema alikuwa anaona vichwa tu, vinaelea, na vichwa havikumjibu. Akisalimia, kimya. Akikaa kwenye kile kiti, wanainamisha macho. Jioni alikuwa ananyonyesha huku machozi yanamwangukia mtoto. "Shosho, nitarudisha chaki," akaniambia. "Nirudi kwa mama." Hapa kalamu imesimama. Nimemwambia andika.

Mimi humpelekea mtoto shuleni saa ya mapumziko anyonye. Siku moja nilifika mapema, nikakaa nje ya darasa, mtoto mgongoni. Uzito wake ni ule wako, Wanjira. Anavyonipumulia shingoni, ni wewe kabisa. Nikasinzia. Nikawa msichana tena, nachuma kahawa ya watu, matawi yamelowa, na wewe mgongoni unasumbua. Nikakuambia, "Wanjira, lala, debe linakaribia kujaa."

Nilipofumbua macho, kumbe nimesema kwa sauti, watoto wamenizunguka.

"Shosho, huyo ndiye Wanjira?" kasichana kamoja kakauliza.

"Ndiye. Amepewa jina la mama ya mwalimu wenu."

"Mama yake alikufa?"

"Afe kwa nini? Yuko Nyeri anauza nguo, na mdomo anao." Wakacheka. "Na mwalimu wenu ana jina langu, na mimi niko hapa, nimeshiba viazi. Kwani nyinyi hamna majina ya shosho na guka, nyanya na babu zenu?"

"Niko na la guka," kijana mmoja akasema, "na bado ananimalizia nyama."

Kale kasichana hakakucheka. Kakasogea karibu. "Kwa hivyo tukimwita huyu mpya Mwalimu, Mwalimu Nyokabi hatakufa?"

Binti yangu, nilikashika mkono. Kumbe haukuwa utundu. Walikuwa wanamlinda mgonjwa wao. Waliona kiti kikipata mtu, yeye hatarudi.

"Ya Mungu siyajui," nikamwambia, maana mtoto sidanganyi. "Lakini si kumwita huyu kutakakomuua. Jina lako likipata mtoto, huondoki. Umepata mtu wa kukushikia mahali pako."

Asubuhi iliyofuata, Wangari anasema, ukungu ulikuwa mzito mpaka hata vichwa hakuviona. Akausalimia ule weupe. Ule weupe ukajibu, "Nzuri, Mwalimu."

Mwalimu Nyokabi bado amelazwa. Watoto wanamwombea, halafu wanafungua vitabu. Akirudi, Wangari atampisha kwenye kiti chake. Ya chaki hajataja tena.

Najua kinachokuzuia. Mtoto hana baba wa kutajwa. Hata mimi nilikasirika, mchana mmoja, nikachoka.

Nisalimie Mama Zainabu, jirani yetu wa mahamri, mwambie huku hakuna anayejua kukanda unga. Nisalimie ndugu yako wa bucha, na akuangalizie nguo siku moja tu.

Ukija, usipitie nyumbani. Njoo moja kwa moja shuleni saa ya mapumziko, utanikuta nje ya darasa. Usimwite Wangari. Mwite Mwalimu, kwa sauti, wale watoto wasikie. Halafu inama, nikufunge Wanjira mwenzako mgongoni.

Mama yako,
Wangari mkubwa