Jumapili Ulipohubiri Machozi ya Daudi

Baba,

Wamerudi. Si wote, lakini Jumapili viti vya kanisa letu hapa mtaani Jericho havikutosha, tukaazima mabenchi kwa mama wa chapati. Nilisimama mlangoni nikakukasirikia. Mbona hukungoja?

Ulikataa kumpa yule mheshimiwa mimbari apige kampeni. Ndipo Yona, uliyemlea nyumbani kwetu tangu afiwe na wazazi, akasimama ibadani akasema umezeeka, unatuzibia baraka. Akaondoka na watu, wakafungua kanisa lao mtaa wa Fedha. Hata kwaya ilikwenda.

Jumapili iliyofuata ulituhubiria sisi wachache kana kwamba kumejaa. Ulisoma habari za Daudi akimkimbia mwanawe Absalomu, akipanda Mlima wa Mizeituni bila viatu, kichwa amekifunika, analia. Ukasema kilichomuumiza zaidi si kiti cha enzi. Ni kuambiwa kwamba Ahithofeli, mshauri wake wa karibu, naye yuko upande ule. Hapo ukaanza kutafuta miwani, na ulikuwa umeivaa. Nikaanzisha wimbo haraka ili watu wasikutazame.

Laiti ningekuacha ulie, Baba. Waliobaki na Daudi walilia pamoja naye.

Kisha ukawa mtu wa kukaa na simu mapajani. Ikilia tu, "Ni Yona?" Nami nakufokea, "Achana naye!" Ukanijibu taratibu, "Ruthi, Absalomu alikuwa mtoto wake." Nilidhani bado unahubiri.

Siku tuliyokuzika, Yona alisimama mbali, nyuma ya magari. Wazee wa kanisa walitaka afukuzwe. Nilikaribia kukubali. Halafu nikakumbuka Daudi, pamoja na yote, aliwasihi majemadari wake wasimdhuru yule kijana. Nikamwendea.

"Dada," akasema, "nilikuwa nikipiga namba yake, nakata kabla haijaita."

Nilimshika mkono tukaenda kaburini.

Ndiye aliyewarudisha watu. Jumapili, baada ya ibada, aliniuliza kama ulikufa ukiwa na kinyongo naye. Nilimwambia ulikufa ukimngojea. Aliketi sakafuni pale pale, na suti yake, akalia kama mtoto. Safari hii sikumnyamazisha mtu.

Pumzika, Baba. Nakuahidi Yona atakula kwetu kila Jumapili. Bado nina hasira naye, lakini nitampakulia.

Binti yako,
Ruthi