Jibu Nililompa Hakimu Juu ya Nyumba ya Bel-Air

Lubumbashi

Mdogo wangu mpendwa Kakule,

Unisamehe. Tangu Pasaka sijakuandikia, nami ndiye niliyekuwa nikikukaripia kwa kuacha barua bila majibu. Natumaini wewe na mke wako hamjambo, na mguu wako umepona. Sisi tu wazima wa mwili.

Nilinyamaza kwa aibu. Lile lori nililonunua kwa mkopo liliungua barabarani pamoja na mzigo wa maharage, nami nilikuwa nimeweka rehani hati ya nyumba yetu ya mtaa wa Bel-Air. Miezi ikapita bila malipo, benki ikashitaki ili nyumba iuzwe. Wakili wangu alinieleza kwamba sheria inamwachia hakimu nafasi: akiona mdaiwa ni mwaminifu, na muda utamsaidia kweli, anaweza kuahirisha mauzo. Asipoona hivyo, tunatoka.

Jumatatu iliyopita tuliitwa. Hakimu, kijana wa umri wa wanangu, aliniuliza: «Papa, nikikupa miezi sita, kitabadilika nini?»

Nikasimama, nikajibu: «Mheshimiwa, sijui.»

Ulikuwa ukweli. Pensheni haitoshi hata chakula, na lori limebaki vyuma. Wakili wangu akainamisha kichwa. Nyuma yangu shemeji yako Masika akainuka bila ruhusa.

«Monsieur le juge, musamehe huyu muzee. Alifundisha miaka mingi, anafikiri iko ku examen ya masomo. Mimi niko na jibu.»

Watu wakacheka. Hakimu hakucheka. «Sema, mama.»

«Tutapangisha nyumba kubwa. Sisi tutaingia ku annexe, kule nyuma. Pesa yote ya mupangaji itaenda ku banki.»

Unakijua kile kibanda cha nyuma: chumba kimoja, tulimokuwa tukiweka makaa na magunia. Masika alikuwa amenipa shauri hilo nyumbani zaidi ya mara moja, nami nikamkatalia kwa ukali, nikisema sitaishi kama mgeni uani kwangu. Hakimu akanigeukia: «Papa, unakubali?» Nikamtazama mke wangu. Alikuwa bado amesimama, akiningoja.

«Nakubali,» nikasema.

Wakili wa benki akapinga kwamba maneno ya mke si mkataba. Hakimu akasema ni kweli, akatupa wiki mbili tulete mkataba wa upangaji uliotiwa sahihi, ndipo ataamua. Hakuahidi kitu.

Njiani Masika alinicheka kwa uchungu: «"Sijui"! Banafunzi balikuwa banatetemeka kukuambia ile neno. Leo unaisema weye mwenyewe, mbele ya juge!»

Mpangaji amepatikana, fundi wa mgodini. Jana alipima sebule kwa hatua zake, akauliza kama picha ya Baba na Mama itabaki ukutani. Niliishusha mwenyewe. Sisi tumekwisha kuhamia nyuma; kitanda hakikupita mlango wa kibanda, kwa hiyo tunalala juu ya godoro.

Msalimie shangazi yetu Kahindo, aliyenilea, ila usimweleze habari hizi. Msalimie pia mzee wa kanisa, jirani yako, atuombee. Na binti yako, tuliyekubaliana aje kwangu asome chuo kikuu, mwambie asifunge mizigo. Sina mahali pa kumlaza.

Hakimu akishaamua, nitakuandikia siku hiyohiyo, liwe jema au baya.

Ni mimi kaka yako,
Kambale