Pedali ya Mama Haikuibwa

"Umenakili kifaa chetu." Hayo ndiyo maneno ya wakili wa kampuni moja kubwa ya gemu, na ni uongo mtupu. Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla sijatia saini, maana nyumbani hakukaliki.

Mimi ni fundi wa padi, vile vidude vya kushika mikononi unapocheza gemu kwenye runinga, na mama yangu alishona nguo za watu maisha yake yote hadi vidole vikamkakamaa, hawezi tena kubonyeza vitufe, lakini mpira wa kwenye gemu anaupenda kupita kiasi, basi nikaichukua pedali ya cherehani yake ya umeme nikaiunganisha na padi, kiganja kinaongoza mchezaji aende wapi, mguu ukikanyaga kidogo anatoa pasi, ukikandamiza anapiga shuti, na mguu wa mama ulivyozoea kupima mwendo wa cherehani, mshauri, wee acha tu, aliwachakaza! Kwenye mashindano ya ukumbi wa gemu alimfunga kinyozi, bingwa wa mtaa, mabao manne, kinyozi akaruka juu ya kiti: "Bibi ana ujanja humo ndani! Fungua tuone!" Ukumbi mzima ukaitikia, "Fungua! Fungua!" Mama akacheka, "Wafungulie, mwanangu, wajue wamepigwa na cherehani." Nikafungua kifuniko, nikaeleza waya mmoja baada ya mwingine, na mwenye ukumbi akawa anarusha yote mubashara mtandaoni.

Miezi mitatu baadaye kampuni ikaomba hataza ya pedali ya gemu inayopima nguvu ya mguu, barua yao yenyewe inasema hivyo, na sasa wanataka nikiri kwa saini kwamba niliwaiga, nivunje pedali zote, hata nilizowatengenezea wateja wengine wenye mikono mibovu, la sivyo tuonane mahakamani. Mume wangu ananiambia, "Saini, mama watoto. Siri uliimwaga mwenyewe mbele ya watu, sasa unalilia nini?" Mama anasema nikisaini nisikanyage kwake. Mwenye ukumbi, anayekodi mashine kwa kampuni hiyohiyo, keshaifuta video. Mashindano mapya ni mwezi ujao na mama keshajiandikisha. Nisaini au nipigane?

Fundi wa Padi

*

Fundi, weka kalamu chini! Barua yako nimeisoma nimesimama, na nilipofika pale mama alipokwambia uwafungulie nilipiga meza mpaka chai ikamwagika.

Pole kwa vitisho. Lakini hapohapo nikugombeze: barua ya wakili umeisoma kwa woga, hukuisoma kwa macho. Wameomba hataza. Kuomba si kupewa! Mtu anayesubiri foleni amekuja kukufukuza dukani, na wewe unatafuta viatu.

Sasa nisikilize. Hataza ni haki ya kuwazuia wengine kutengeneza ulichobuni, na haitolewi ila kwa kitu kipya. Kipya kivipi, ikiwa miezi mitatu kabla kinyozi, jirani zake na mtandao mzima walishakiona hadi matumbo? Mumeo anasema ulimwaga siri. Mwambie shemeji yangu huyo, kwa upole, kwamba alichokiita kumwaga ndiyo ngao yako. Ungeificha pedali chini ya kitanda, leo ungesema nini?

Sikudanganyi, ngao hiyo ina upande wa pili. Huenda nawe umejifungia mlango wa kupata hataza yako. Nchi nyingine humpa mbunifu muda baada ya kuonyesha kazi yake hadharani, nyingine hazimpi hata siku moja. Kwa hiyo kesho asubuhi nenda kwa wakili wa hataza, si yule wa talaka na viwanja, umuulize mambo mawili: kama muda wako bado upo, na namna ya kupeleka ushahidi ofisi ya hataza kabla hawajaamua. Barua ya kampuni aijibu yeye. Wewe usiwatukane mtandaoni, hata wakikuchokoza. Pedali usivunje hata moja, na ile ya kwanza usiibadilishe hata skrubu.

Na acha kuuliza usaini au usisaini. Kusaini ni kuwaambia wateja wako wenye mikono mibovu wakae pembeni watazame wengine wakicheza. Mama yako kakataa kukaa pembeni. Mrithi hilo!

Mwenye ukumbi, woga wako naujua, mashine si zako. Lakini video uliyofuta ilishaonekana, na wakili atakuuliza ni nani aliyekushauri uifute.

Nabaki na ninyi mliojazana ukumbini siku ile. Mlirekodi kwa simu, nawajua, hamwezi kuona bingwa akiaibika bila kurekodi. Tafuteni video hizo, msizikate wala kuziwekea muziki, mzipeleke kwa fundi wiki hii pamoja na majina yenu. Na wewe kinyozi, wa kwanza kupaza sauti, uwe wa kwanza kufika. Mlimtaka afungue, akafungua. Zamu yenu.