Sabrina Wangu na Filamu ya Waingereza

Jumatatu, 14 Julai 2025

Sabrina wangu anaongea ndani ya filamu ya Waingereza! Kuna bi mkubwa mmoja wa kofia yenye manyoya — akifungua mdomo, Kiswahili kinachotoka ni cha mwanangu! Anasema wameitoa kwenye kitabu chembamba, cha enzi za magauni marefu. Ametuma flashi kwa basi. Sasa wale wanaosema hana kazi Dar watasemaje? Leo dukani sijakata hata kitenge kimoja, kazi ni kualika tu, waje kwangu Jumamosi kuitazama na kula pilau. Mpaka wateja wa kule mpakani Kasumulu. Watu arobaini!

Jumanne, 15 Julai

Nimeijaribu na Zuena, jirani wa duka. Salaale! Filamu haina maneno! Bi mkubwa anakunywa chai. Anatazama dirishani. Mvua. Chai tena. Dakika ishirini nzima, ndipo Sabrina akasema afungiwe mlango, baridi. Basi! Zuena alicheka mpaka khanga ikamdondoka: Mama Sabrina, mwanao analipwa kunyamaza? Wageni wako wataondoka kabla ya pilau. Nikamwambia, wako hata kunyamaza hajui. Lakini roho ilikuwa juu juu.

Jumatano, 16 Julai

Nimemfuata Ezra, yule anayetafsiri filamu kwenye banda la video. Rahisi, mama, anasema — wakinyamaza wao, naongea mimi. Atamtilia bi mkubwa mchumba, wivu, hata mchawi. Ndaga fijo, asante sana, Ezra! Nimekula vizuri leo.

Alhamisi, 17 Julai

Nimefunga duka, nimeiangalia peke yangu. Kuna pale barua inafika — mwanawe aliyekwenda vitani hatarudi. Bi mkubwa halii. Anakunja barua, anapanga vikombe. Kimya. Nikadhani flashi imeharibika, nikaongeza sauti — nikasikia pumzi. Inakwama, inavutwa kidogo kidogo. Ya Sabrina hiyo! Miaka saba nimelala na pumu yake kifuani kwangu, nitakosea? Nililia, mtu mzima mimi.

Ezra akiongea hapo, nani ataisikia?

Nimempigia: usije na kipaza sauti, njoo ule tu. Akaniuliza, mama, watu arobaini na kimya kile, una uhakika? Sina. Zuena ameshatangaza sokoni kwamba anakuja na mto wa kulalia. Aje nao. Waje wote — Jumamosi, baada ya alasiri.