Kisu Kisicho na Chapa

Jumapili, 2 Machi

Leo nimepewa kisu. Naandika kisu kwanza, aliyekileta baadaye, maana ndivyo vilivyonigonga kichwani.

Cha kukunja. Mpini wa mti mweusi, bado unanukia mafuta. Ukikifungua kinasema ka, loki inashika, hakichezi hata kidogo. Mimi nimeshika visu vya nchi nne enzi zile nikiwa utingo wa malori ya masafa. Vya mabaharia, vya wachuna ngozi, na kimoja cha mpishi wa hoteli kilichonifuata mfukoni bila mpishi kujua. Kwa hiyo nikisema jambo kuhusu kisu, dunia inyamaze isikilize.

Kasoro moja — hakina chapa. Hakuna kampuni, hakuna nchi, hakuna hata kanyota. Nimekigeuzageuza kama mtu anayemuuliza mtoto wa watu jina la ukoo.

Amekileta binti yangu mkubwa. Kimetoka kwa yule kijana mkereza vyuma, wa karakana ya pampu za maji, anayetaka kumwoa. Kijana mwenyewe nimemwona mara mbili. Haongei. Mtu asiyeongea simwamini, huwezi kujua amebeba nini. Tarehe kumi na sita atakuja na baba yake mdogo, na siku hiyo wanataka jibu langu.

Nikamwambia binti, mwanangu, tulia. Kisu nitakizoesha kazi, na kisu chenyewe kitaniambia aliyekitoa ni mtu wa namna gani. Akacheka. Mama watoto hakucheka. Anasema maneno yangu hupanda gari, akili inafuata kwa miguu.

Jumatatu, 3 Machi

Kisu kipya ni kama kiatu kipya, usipokizoea kitakung'ata. Asubuhi nimekifungua na kukifunga mara mia huku nasubiri chai ichemke. Kigumu. Kwenye sabini kikaanza kulegea. Tone moja la mafuta ya cherehani kwenye kiungo. Nikapangusa. Nikaongeza hamsini.

Ajabu, kile kijishimo cha kuingizia ukucha wamekitoboa upande usio wake. Kwenye visu vyote nilivyowahi kuona kiko upande mwingine. Fundi alikuwa amesinzia. Lakini kwangu kinafunguka bila taabu, basi bahati yangu.

Karakanani kwetu, tunakoshona viti vya magari, tuna viti kumi na vinne vya basi dogo. Nikalaza reksini mezani, ile ngozi ya plastiki ya kuvalisha viti, rula ya chuma juu yake, nikavuta. Kwa kushoto, kama siku zote. Mwalimu wa darasa la tatu alitaka kunihamisha mkono kwa fimbo, tukashindana mpaka darasa la sita, nikaondoka mimi na mkono wangu.

Mita mbili bila kusimama. Kimeganda kwenye rula kama ruba. Nimekata hadi mwisho wa meza na bado nilitaka meza iendelee.

Jumanne, 4 Machi

Kwetu chombo kipya hakiwi chombo mpaka kizunguke meza. Kila mmoja anakata urefu wa mkono, anatoa neno, anapitisha. Tuko watano. Wa mwisho ni Jaji. Si hakimu, ni fundi wa sponji, tunamwita hivyo kwa kuwa anahukumu kila kitu, hadi chai ya mwenzake.

Wa kwanza, kisu kimemkimbia kwenye rula. Wa pili vilevile. Wa tatu akasema kinavuta kama mbuzi anayepelekwa sokoni. Jaji akakata, akaona mstari umepinda, akavaa miwani, akakisogeza dirishani.

"Ndugu yangu," akasema, "kimenolewa upande mmoja tu. Huu mwingine bapa kama kioo. Huyu mtengenezaji alifika katikati akaitwa kula."

Wakaangua kicheko. Nami nikacheka, tena kuwapita. Nikasema lakini jana kwangu kilikwenda vizuri. Jaji akanijibu, wewe umezoea mateso, mkasi unakusugua kidole miaka thelathini na bado unausifu.

Mtu mzima hakai akachekwa na kisu chake kiko mkononi. Nikawaambia leteni hapa, aliyeitwa kula amwachie kazi aliyeshiba. Jiwe la umeme. Cheche. Dakika kumi na pande zote mbili ni sawasawa, mfano wa kitabu. Wamenipigia makofi.

Alhamisi, 6 Machi

Kisu hakifai.

Leo nimekata mgongo wa kiti cha dereva. Kikapanda juu ya rula, kikateleza, kikaingia katikati ya kipande kizuri. Nikachukua kingine. Kikaharibika vilevile. Vipande viwili vya reksini nyekundu vimekwenda na maji. Kwenye kidole kinanyoa nywele, kwenye rula kinalewa. Jaji ametoa hukumu kwamba chuma chenyewe ni laini. Nimeunga mkono. Kisu kisicho na chapa ni kama mtu asiye na kwao, siku ya tatizo utamrudisha wapi?

Nikapata na kichekesho. Nikawaambia, kama hii ndiyo zawadi ya kuombea binti, zawadi ya kumrudishia itakuwaje? Karakana nzima ilishika mbavu. Kilikuwa kizuri mno nikakirudia mezani nyumbani.

Nyumbani hakikuchekesha. Binti ameinuka na sahani ina chakula nusu. Nikadhani ni chumvi.

Ijumaa, 7 Machi

"Baba, chai." Hilo tu binti ameniambia, kutwa nzima. Nimetumia kisu changu cha zamani, kile cha loki iliyokufa ninachokifunga kwa raba.

Jumatatu, 10 Machi

Mama watoto ameniuliza maswali leo, anapepeta mchele, hata hanitazami.

Siku ya kwanza kilikata? Kilikata. Vizuri? Vizuri sana. Baada ya hapo nani alikigusa?

Nikamweleza kwamba ufundi wa makali ni jambo refu, kuna pembe, kuna joto la chuma, mambo ambayo nimeyaona bandarini kwa macho yangu. Akasema, sijakuuliza bandari, nimekuuliza nani.

Nikatoka kwenda kuangalia kama geti limefungwa. Saa nane mchana.

Jumatano, 12 Machi

Leo sina hamu ya kuandika ila nisipoandika nitalala nalo.

Wakati wa chakula cha mchana binti alikuja karakanani. Hajawahi kuja tangu aanze kazi. Wenzangu wakamsalimu, akawaitikia vizuri, kisha akaweka juu ya meza yangu kipande cha boksi. Kina mchoro wa mkono. Vidole vitano, kiganja, na kidole kidogo kilichopinda, kile nilichovunja nikifunga turubai la lori.

Mkono wangu. Wa kushoto.

Anasema alinichora mwezi wa kwanza, nimelala kwenye kochi baada ya kula. Nikakumbuka. Niliamka na wino kwenye kidole, nikailaumu kalamu, nikaitupa. Kalamu nzima!

Kijana ndiye aliyekitengeneza. Chuma cha springi ya lori, jioni baada ya kazi, miezi miwili. Alimuuliza binti, baba yako anakataje? Akamwambia anakata kwa kushoto, na lazima na rula, bila rula hakati hata kamba. Ndiyo maana upande mmoja aliuacha bapa, ulale kwenye rula. Makali akayaweka upande wa pili, kwa ajili ya mkono wa kushoto. Na kijishimo cha ukucha akakihamishia upande wangu. Hajawahi kutengeneza kingine.

"Chapa angeweka ya nani, Baba?"

Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

Halafu akauliza, sasa kinakataje? Nikamjibu kwamba bado nakizoesha. Akanitazama vile mama yake alivyonitazama niliporudi getini. Akaondoka. Boksi ameliacha.

Miaka yote niliyoshika chombo, kila chombo kilikuwa cha mtu mwingine, mimi najipinda kukifuata. Hiki kimoja kilinifuata mimi, na mimi nikakinyoosha kifanane na vya watu.

Ijumaa, 14 Machi

Nimemwambia Jaji. Nilimvuta pembeni kwenye magunia ya sponji nikamweleza yote, nikaweka na boksi juu. Nilitegemea kicheko, nilikuwa nimeandaa na cha kumjibu.

Hakucheka. Akainama kwenye pipa la mabaki, akafukua mpaka akatoa utepe wa reksini wa Jumatatu ile, ule niliokata mimi kabla kisu hakijazunguka meza. Akaunyoosha kwenye rula. Mita mbili, umenyooka kama uzi wa mwashi.

"Tulikuwa wanne wa kulia tukamhukumu wa kushoto," akasema. "Na wewe ukawa shahidi wetu. Sisi tuna udhuru, kaka."

Nimejaribu kuurudisha ule ubapa kwa jiwe la mkono, na maji, taratibu. Saa tatu nzima. Kisu kimepungua upana, na ubapa haujarudi. Jaji akaninyang'anya jiwe. Anasema nikiendelea Jumapili nitawaonyesha wageni kijiti cha meno. Mwite mwenyewe, akasema. Aliyekizaa ndiye atakayejua kukitibu.

Rahisi kusema. Yeye hana mgeni Jumapili.

Jumamosi, 15 Machi

Nimenyoa. Nimefagia uwanja mwenyewe. Jirani ameuliza kama naumwa.

Hotuba ninayo tayari. Inaanza na malori, inapita bandarini, ikifika kwenye kisu inakuwa fupi. Nimeijaribu mbele ya kioo, nzuri sana, nimekaribia kujipigia makofi. Mama watoto kaniambia kutoka jikoni niitoe malori.

Jumapili, 16 Machi

Wamefika saa nne kamili. Watu wa mashine.

Kijana na baba yake mdogo, mtu mnene mwenye kicheko kizuri, ningemjua zamani tungezunguka wote. Tumezungumza mvua, barabara, viti vya basi. Nimewachekesha mara tatu. Kijana alitabasamu tu. Ana makovu madogomadogo ya moto vidoleni, pande zote. Mara mbili zile sikuyaona, nilikuwa namtazama mdomo.

Kisha baba mdogo akajiweka sawa kwenye kiti. Akasema, ndugu yetu, tumefuata neno moja tu hapa, na tutalisubiri. Kabla sijafungua mdomo kijana akasema, kwa adabu kabisa:

"Mzee, samahani. Kile kisu kimekukaaje mkononi?"

Binti alikuwa mlangoni na trei ya vikombe. Akasimama hapohapo.

Nakileta, nikasema.

Sasa niko chumbani, nimekaa kitandani naandika.

Naweza kusema nimekisahau karakanani. Mama watoto ameniona asubuhi nikikiweka mfukoni mwa suruali hii. Naweza kusema Jaji ndiye aliyekiharibu. Jaji hayupo, na mabega yake mapana, lawama moja zaidi haitamwangusha. Lakini ni mimi niliyesema kisu kitaniambia mtu. Kimeniambia. Na siwezi kutoka kumpa jibu kuhusu binti yangu huku namficha chake mwenyewe.

Mama watoto amepita nje ya mlango. "Baba watoto, umekwenda kukifua upya?" Wageni wamecheka. Kichekesho cha namna yangu kabisa, miaka yote hii kumbe ananiibia.

Halafu sauti ya binti, karibu na tundu la funguo, chini chini.

"Baba. Amekuja na jiwe lake la kunolea. Liko mfukoni tangu wameingia."

Kwa hiyo anajua. Amekaa pale nusu saa, anatabasamu kwa hadithi zangu za bandarini, jiwe mfukoni, na hakunikata maneno.

Nimekifungua. Ka. Sauti bado ni ileile. Nimekishika kushoto, kidole kidogo kimeingia kwenye kijibonde chake mpinini, kile nilichodhani ni kasoro ya mti.

Nitakitoa kikiwa wazi, aone chote nilichokifanya. Hapana, mtu hatoki chumbani na kisu wazi mbele ya waposaji, baba mdogo atatokea dirishani. Nakifunga. Nitampa mpini kwanza.

"Nakuja, mwanangu," nimemwambia. Bado yuko mlangoni, naona kivuli cha miguu yake.

Hotuba yote imetoka kichwani. Malori, bandari, yote. Natafuta neno la kwanza tu, na linalokuja ni jibu la swali la mama watoto, nani alikigusa. Mimi.