Mikono Uliyoificha Ndani ya Kitenge

Mama mkwe wangu niliyekukosea,

Siku mwanao aliponileta Mpimbwe kwa mara ya kwanza nilipiga magoti mlangoni pako, nikapiga makofi taratibu kama nilivyofundishwa, nikasubiri. Kwenu na kwetu ni mamoja: mtu akikupigia makofi, nawe humpigia, ndipo salamu inatimia. Wewe ulisema tu, "Karibu mwanangu," na mikono yako ikabaki ndani ya kitenge. Nikainuka nimevimba kwa hasira.

Niseme ukweli, mama, nilikununia miaka miwili. Nilikula wali wako kila Krismasi, nikausifu, huku moyoni nasema huyu mama ana maringo, ananidharau kwa kuwa nimesoma na nafanya kazi maabara mjini Mpanda. Hukuwahi kunikosea kwa neno hata moja, lakini mwenye kinyongo haoni hayo.

Kisha ukaja kwetu, mwezi wa sita. Ulishuka kwenye basi unakohoa, na toka stendi hadi nyumbani ulipumzika mara tatu. Asubuhi yake kulikuwa na baridi. Nilikuletea maji ya kunawa, ukaniomba niyapashe kwanza, na hapo kitenge kikateleza. Vidole vyako vilikuwa vyeupe kama vimepakwa unga, ngozi imekaza na inang'aa, vimejikunja wala havinyooki. Viganja viwili visingeweza kukutana hata ungetaka. Nikakuuliza tangu lini. Ukasema tangu kabla sijaolewa. Nilikaa chini.

Nilipouliza kwa nini ulificha, ukanisimulia habari ya jirani yako Bibi Tekla, mjane asiye na mtoto. Mligombania mpaka wa majaruba ya mpunga msimu uleule vidole vyako vilipoanza kukaza. Tunawajua watu wetu: ugomvi wa jana, ugonjwa wa leo, basi mchawi kapatikana.

"Wakiiona hii mikono watamfukuza Tekla," ukasema. "Bora waseme nina maringo."

Na mimi nilikuwa wa kwanza kusema.

Wiki hiyo hospitalini ninapofanya kazi alikuwa amefika daktari bingwa kutoka Dar es Salaam, aliyekuja kwa miezi mitatu. Alikutazama mikono, akasikiliza kifua, akasema anahisi ni skleroderma, ugonjwa wa kukakamaa ngozi, ila lazima damu ipimwe kingamwili. Hao ni walinzi wa mwili, akakueleza. Wakati mwingine humgeukia mwenye nyumba, na ukijua ni walinzi wa aina gani, unajua wataelekea chumba kipi. Damu nikaitoa mwenyewe. Ngozi ngumu, mshipa unakimbia, nikakuchoma mara tatu. Ukaniuliza, "Ndiyo haya uliyosomea?" Nikacheka mbele yako kwa mara ya kwanza. Nikaizungusha damu kwenye mashine, nikatenga yale maji yake ya njano, nikayafunga kwenye boksi la barafu kwenda Dar, maana kipimo chenyewe sisi hatuna.

Mwanao alitaka urudi kijijini ukasubiri huko. Ukakataa kuondoka bila karatasi. Wiki zote hizo ulikoroga uji wetu kwa kubana mwiko katikati ya vifundo vya mikono, na ole wake aliyejaribu kukupokea.

Majibu yalipokuja, daktari alisema ndiyo yenyewe, na aina iliyoonekana hupenda mapafu. Wakakupiga picha ya kifua, wakakuanzishia dawa. Mimi nilikuwa nalia kwa ajili ya mapafu yako. Wewe uliuliza jambo moja tu.

"Hii karatasi inasema Tekla hayumo?"

Daktari alikutazama kwanza. "Inasema ni mwili wako wenyewe, mama. Mtu hayumo."

Jumapili iliyofuata tulikurudisha Mpimbwe, na watu wakitoka kanisani ulitoa mikono kwenye kitenge mbele ya wote ukaniambia niisome ile karatasi. Nikasoma, nikaeleza walinzi na vyumba kama daktari alivyoeleza. Wengine waliguna. Bibi Tekla alisogea kwa fimbo yake, akapiga magoti, akakupigia makofi. Ukainua mikono yako iliyopinda, ukaigusanisha vifundo kwa vifundo. Haikutoa sauti yoyote, na kila mtu aliona kuwa umemwitikia.

Mama, nimewajua watu wengi wenye elimu. Sijamjua mwingine aliyekubali kusemwa miaka yote ili mwenzake asifukuzwe. Dawa zilikupa muda ambao hatukuutegemea, ukawapakata wanangu wawili kwa mikono hiyohiyo, kisha masika iliyopita mapafu yakachoka. Bibi Tekla bado anaishi palepale, na majaruba yako analima yeye. Maabara, akija mtu mwenye vidole vyeupe, sikimbilii sindano siku hizi. Nampashia maji kwanza, halafu namuuliza kama kuna mtu anayemlinda kwa kuificha mikono yake.

Lakini uliondoka sijakuomba radhi. Kila nilipotaka kusema niliona haya, nikaahirisha, kama vile ungekuwepo siku zote. Nisamehe, mama. Jumamosi nilifika kaburini kwako. Nilipiga magoti, nikapiga makofi taratibu kama siku ile ya kwanza, na safari hii nilijua nimeitikiwa tangu zamani.

Lala salama, mama.

Ni mimi,
Mkweo wa Mpanda